Klachi Inayotosha, Si Inayotisha: Kweli na Uongo Kuhusu Klachi za Magari ya Kasi

Tangu Colin McRae alipotwaa ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, gari hilo limepata wapenzi Kenya ambao hawajapungua hadi leo. Impreza WRX na STI zilizotumika Japani hushushwa bandarini Mombasa, na nyingi hazikai muda mrefu kabla mwenyewe hajaanza kuziongezea nguvu: ekzosi kubwa, kompyuta iliyopangwa upya, tabo inayosukuma hewa zaidi. Halafu inafika siku ya kukanyaga mafuta hadi mwisho. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapaa, lakini gari linabaki na mwendo ule ule. Klachi imeshindwa na nguvu mpya.

Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande. Mmoja anasema weka ya seramiki, mwingine anasema usikubali chochote chini ya steji 3, wa tatu anaapa kwamba klachi isiyochosha mguu si klachi. Ushauri mbaya hapa ni ghali, kwa sababu giaboksi lazima ishushwe, na ukikosea itashushwa tena. Msimamo wangu ni mmoja, na ndio utakaouona katika kila jibu hapa chini: klachi bora ni ile inayoshika torki ya injini yako ikiwa na akiba ya kiasi, na inayohimili joto la matumizi yako halisi. Inayozidi hapo utailipia barabarani kila siku.

1. "Gari langu lina farasi 300, kwa hiyo natafuta klachi ya farasi 300."

*Si kweli.* Klachi haijui farasi. Inachokibeba ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita (Nm). Farasi hupatikana kwa kuzidisha torki na kasi ya injini, ndiyo maana injini inayozunguka kwa kasi sana inaweza kuwa na farasi wengi huku torki yake ni ndogo.

Chukua Honda S2000 ya kwanza, ile ya lita 2.0 iliyouzwa Marekani. Ilikuwa na farasi 240, lakini torki yake ilikuwa karibu Nm 208 tu. Sasa tazama Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ikiwa na gia za mkono: farasi wapatao 174, torki Nm 420. Pikapu ya shambani inahitaji klachi yenye uwezo mara mbili ya gari la michezo lenye farasi wengi zaidi. Subaru STI ya 2004 ya soko la Marekani ilikuwa na farasi 300 na Nm 407, na tabo yake ilitoa torki hiyo mapema, kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na torki ya juu kabisa ya injini yako baada ya marekebisho. Kama ilipimwa kwenye mashine ya rola, uliza kama ni torki ya magurudumuni au ya injini yenyewe. Ya magurudumuni huwa ndogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu imepotelea njiani kwenye giaboksi na difu. Watengenezaji wengine huandika uwezo wa klachi kwa kipimo kimoja, wengine kwa kingine, na wasiouliza huishia na klachi isiyotosha.

2. "Steji 3 ni bora kuliko steji 2."

*Si kweli.* Hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema steji 1, 2 au 3 ni nini. Kila kiwanda hujipangia. Steji 2 ya kampuni moja inaweza kubeba torki kubwa kuliko steji 3 ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja, kupanda steji mara nyingi ni kubadilisha aina ya uso wa msuguano, na uso huo mpya huenda haufai kabisa kwa gari la kwenda kazini na kurudi. Usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza mambo matatu: inabeba Nm ngapi, uso wake ni wa nini, na presha pleti yake, yaani bamba linaloibana sahani ya klachi, inabana kwa nguvu kiasi gani.

3. "Pedali nzito ndiyo dalili ya klachi yenye nguvu."

*Si kweli.* Uwezo wa klachi unatokana na vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, kiwango cha msuguano wa uso, nguvu ya presha pleti kubana, na umbali wa uso huo kutoka katikati. Ukivizidisha unapata torki.

Tufanye hesabu moja. Sahani ya kipenyo cha milimita 230 ina nyuso mbili, mbele na nyuma. Wastani wa umbali wa uso kutoka katikati ni kama milimita 95. Presha pleti ikibana kwa nyutoni 7,000 na msuguano ukiwa 0.3, uwezo ni 2 × 0.3 × 7,000 × 0.095, yaani karibu Nm 400.

Unataka zaidi? Kipenyo kikibaki kile kile, njia ni tatu. Ukiongeza nguvu ya kubana kwa asilimia 30, unafika karibu Nm 520, na hapo ndipo pedali inaweza kuwa nzito. Ukibadilisha uso ukaweka wenye msuguano wa 0.4, unafika karibu Nm 530 na pedali haijaguswa. Ukiweka sahani mbili badala ya moja, nyuso zinakuwa nne na uwezo unafika karibu Nm 800 kwa nguvu ile ile ya kubana. Ndiyo maana klachi ya sahani mbili inaweza kushika torki kubwa huku mguu ukikanyaga bila shida kwenye foleni ya Mombasa Road. Kasoro yake ni bei, na mara nyingi kelele ya sahani zikigongana ukiwa umekanyaga pedali.

Nguvu ya kubana nayo ina madhara usiyoyaona. Kila unapokanyaga pedali, nguvu unayotumia kuifungua presha pleti huisukuma krenki, au huivuta kwenye klachi za kuvuta, na mzigo huo hubebwa na beringi nyembamba zinazoizuia krenki isicheze mbele na nyuma. Presha pleti kali kupita kiasi huzila beringi hizo, hasa ukiwa na mazoea ya kuwasha gari asubuhi pedali ikiwa chini, kabla oili haijapanda.

4. "Sahani yenye uso mpana hushika zaidi, ya vipande haina nguvu kwa sababu uso wake ni mdogo."

*Si kweli.* Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba nguvu ya msuguano haitegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Inategemea nguvu ya kubana na aina ya nyuso. Rudi kwenye hesabu ya juu: eneo la uso halimo. Sahani ya vipande sita inaweza kushika zaidi kuliko sahani nzima kama vipande vyake ni vya kitu chenye msuguano mkubwa.

Kazi ya eneo ni nyingine. Uso mpana huchelewa kuisha na husambaza joto. Vipande vichache hubeba mgandamizo mkubwa kila kimoja, hivyo huisha haraka na hukamata ghafla. Faida yake ni wepesi: sahani ya vipande husimama upesi unapobadili gia, jambo ambalo dereva wa mashindano hulithamini sana.

5. "Seramiki ndiyo bora kwa gari lolote la kasi."

*Si kweli.* Kila uso una kazi yake.

Uso wa kawaida, uliotengenezwa kwa nyuzi na gundi ngumu, hukamata taratibu, haukeri mjini na hauli flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo sahani hubanwa juu yake. Udhaifu wake ni joto: ukiunguzwa hung'aa kama kioo na kuanza kuteleza, ingawa ukiungua kidogo tu mara nyingi hupona klachi ikipoa.

Kevla, nyuzi zile zile za fulana zisizopenywa na risasi, hudumu muda mrefu na hukamata kwa upole. Lakini inadai uvumilivu ikiwa mpya, na ukiiunguza vibaya hairudi katika hali yake.

Seramiki iliyochanganywa na metali hustahimili joto kali na hushika sana. Bei yake unailipa kila unapoondoka kwenye taa za barabarani, kwani hukamata kama swichi, gari linatetemeka, na flaiwili inalika mapema. Kwa gari la mashindano ya lami au rali, hilo si tatizo. Kwa gari linalopanda polepole mlango wa maegesho ya ghorofa kila asubuhi, ni mateso, na dereva anayejaribu kuilainisha kwa kuitelezesha ndiye anayeimaliza.

Kama gari lako ni la barabarani na torki imeongezeka kwa kiasi, anza na uso wa kawaida na presha pleti iliyoongezwa nguvu kidogo. Wengi hawahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

6. "Klachi dhaifu huanza kuteleza kwenye gia za juu."

*Kweli.* Ukiwa gia ya kwanza, injini hupanda mizunguko haraka na sehemu ya torki huliwa na kazi ya kuizungusha krenki na flaiwili zenyewe. Kinachopita kwenye klachi ni kilichobaki. Ukiwa gia ya nne au ya tano, injini hupanda polepole, tabo inapata muda wa kujaa, na karibu torki yote inapita kwenye klachi.

Kipimo chake ni rahisi, ila kifanyike mahali salama pasipo na magari. Ukiwa gia ya nne, shuka hadi mizunguko kama 2,500, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka juu huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Usirudie rudie kipimo hicho, maana kila mara unaiunguza zaidi.

7. "Flaiwili nyepesi huongeza farasi."

*Si kweli.* Flaiwili haitengenezi nguvu. Inachofanya nyepesi ni kupunguza uzito ambao injini inapaswa kuuzungusha, hivyo mizunguko hupanda na kushuka upesi. Utaliona hilo zaidi kwenye gia za chini, na karibu utalisahau kwenye gia ya tano.

Uzito wa flaiwili una kazi yake: huhifadhi nguvu ya kukusaidia kuondoka bila injini kuzimika, na hutuliza mitetemo. Ukiupunguza sana, kuondoka kwenye mlima kunadai mafuta mengi na klachi inayoteleza zaidi, yaani joto zaidi. Magari yenye flaiwili ya sehemu mbili zilizounganishwa kwa springi, ukiyawekea flaiwili ngumu nyepesi, giaboksi huanza kutoa sauti ya kugonga wakati injini inazunguka bila mafuta kukanyagwa.

Kuna jambo moja hapa lisilo na mjadala. Usikubali fundi akereze flaiwili ya chuma cha kumimina ya kiwandani ili iwe nyepesi. Ikipasuka kwenye mizunguko 7,000, vipande vyake hupenya bodi ya gari na kufika kwenye miguu ya dereva. Kama ni nyepesi unayotaka, nunua iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo, na kwa mashindano tafuta yenye alama ya SFI 1.1, kiwango cha usalama cha Marekani.

8. "Klachi iliyoshika Nairobi itashika popote."

*Si lazima.* Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama kPa 83, wakati Mombasa ni kama kPa 101. Injini isiyo na tabo ikishuka pwani hupata hewa nzito zaidi, na torki yake inaweza kuongezeka kwa karibu moja ya tano.

Gari la tabo hujilinda kiasi, lakini hutegemea tabo inaongozwaje. Kama umefunga vali ya mkono inayoshikilia kPa 100 juu ya hewa ya nje, injini inapata jumla ya kPa 183 Nairobi na kPa 201 Mombasa. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi, bila wewe kugusa chochote. Klachi iliyokuwa ikishika kwa shida Athi River inaweza kuanza kuteleza Mtwapa. Torki ukiipima bara na huwa unashuka pwani, ongeza nafasi hiyo kwenye hesabu yako.

9. "Klachi kali huvunja giaboksi."

*Nusu kweli.* Klachi inapoteleza kidogo wakati wa kuondoka, hunyonya mshtuko. Ukiweka isiyoteleza kabisa, mshtuko huo lazima uende mahali. Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, matairi huzunguka bure na kuupunguza. Kwenye Subaru inayosukumwa na magurudumu manne yaliyovaa tairi za kushika, hakuna kinachoteleza, na meno ya gia ndiyo yanayopigwa. Giaboksi ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kuvunjika namna hiyo.

Lakini anayevunja ni mguu. Dereva anayepandisha mizunguko 6,000 na kuachia pedali ghafla ataivunja giaboksi kwa klachi kali, au ataiunguza klachi iliyo laini. Hesabu ya joto inaonyesha kwa nini. STI yenye uzito wa kilo 1,500 kwenye gia ya kwanza inakwenda kilomita 25 kwa saa injini ikiwa mizunguko 3,000. Ukiondoka huku ukiishikilia injini kwenye mizunguko hiyo hadi klachi ishike, klachi inapokea joto la takriban jouli 36,000. Ukifanya hivyo kwenye mizunguko 6,000, klachi inashika gari likiwa karibu kilomita 50 kwa saa, na joto linakuwa takriban jouli 145,000. Mizunguko imeongezeka mara mbili, joto mara nne.

Ukishusha klachi iliyopitia hayo, alama zake zinasomeka bila kipimo. Uso wa flaiwili una madoa ya bluu na zambarau pale chuma kilipopata joto kali, katikati yake mistari myembamba ya nyufa imetawanyika kutoka ndani kwenda nje, na sahani inatoa harufu ya kuungua hata ikiwa imepoa. Kuweka klachi kubwa zaidi bila kubadili uendeshaji ni kuahirisha siku hiyo tu.

10. "Klachi mpya lazima izoezwe kabla ya kupewa kazi."

*Kweli.* Uso mpya na flaiwili iliyokerezwa bado havijalingana. Vinagusana kwenye vinundu vichache tu, na vinundu hivyo vikipewa torki yote vinaungua. Watengenezaji wengi hupendekeza kama kilomita 800 za uendeshaji wa upole.

Kilomita hizo ziwe za mjini, za kusimama na kuondoka. Kinachouzoeza uso ni kukamata na kuachia, si umbali. Safari ya Nairobi hadi Mombasa kwenye gia ya tano itajaza kilomita 480 na kuiacha klachi karibu kama ilivyotoka dukani.

11. "Badilisha sahani peke yake, vingine bado ni vizima."

*Si kweli.* Giaboksi ikiwa chini, badilisha sahani, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja. Flaiwili ikerezwe hadi iwe laini na bapa, au ibadilishwe kama nyufa ni za kina. Kagua beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, foku, meno ya shafti na sili ya nyuma ya krenki. Tone la oili kutoka kwenye sili iliyochoka linatosha kuiharibu sahani ya bei yoyote.

Usisahau mafuta ya klachi, ambayo kwa magari mengi ni yale yale ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa na kiwango chake cha kuchemka hushuka: DOT 4 mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Pedali inayolala sakafuni baada ya kuendesha kwa nguvu huenda inahitaji mafuta mapya na kutolewa hewa tu. Kagua hayo kabla ya kuihukumu klachi.

Hakikisha pia mfumo unalingana. Baadhi ya Subaru hufungua klachi kwa kuivuta presha pleti, nyingine kwa kuisukuma, na vifaa vya mfumo mmoja haviingii kwenye mwingine. Ukinunua kwenye masoko ya vipuri kama Grogan au Gerezani, nenda na namba ya chesi, linganisha idadi ya meno ya sahani na ya shafti, na uangalie maandishi kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa boksi ni rahisi kughushi.

Namna ya kuchagua

Kabla hujalipa, andika mambo manne kwenye karatasi: torki ya juu ya injini yako kwa Nm, uzito wa gari pamoja na aina ya tairi, matumizi yake kwa ukweli, na marekebisho unayokusudia kuyafanya karibuni. Kwenye torki hiyo ongeza asilimia 20 hadi 30 kama akiba. Hiyo ndiyo klachi yako. Gari likitumika zaidi barabarani kuliko mashindanoni, bana zaidi kwanza kabla ya kuweka uso mkali, na ikiwa torki imepita uwezo wa sahani moja, nenda kwenye sahani mbili badala ya seramiki ya kutetemesha meno. Fundi anayekusomea karatasi hiyo na kukuuliza maswali kabla ya kutaja bei, huyo mpe kazi. Anayekuuliza tu unataka steji ngapi, mshukuru na uendelee kutafuta.